Jibu la Juu

Mkono wa Bi Vuta ulikuwa na sifa mtaa mzima, na sifa yenyewe ilikuwa ya kutisha. Akikusuka yeye, umesukwa. Kuna mteja alitoka pale nyusi zimepanda mpaka karibu zigusane na nywele, akafika nyumbani kwake, mumewe akamkaribisha kwa heshima zote: "Karibu mgeni, mwenyewe ametoka kidogo." Kuna mwingine alilala macho wazi kwa sababu kope zilikataa kufika chini. Wezi wakaingia, wakamkuta anawatazama bila kupepesa, wakaomba radhi, wakarudisha na redio ya jirani waliyokuwa wameipitia njiani. Asiyeamini akamuulize huyo jirani. Redio ilirudi na betri mpya.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kioo chenye ufa uliozibwa kwa rangi ya kucha, benchi la wanaosubiri, na kiti kimoja kifupi ambacho ukikikalia magoti yanakufika kidevuni. Juu ya kabati la rasta palikuwa na televisheni ndogo yenye mgongo, na chini yake mashine ya gemu kutoka Japani, ya kijivu iliyogeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku.

Mashine hiyo ililetwa na mumewe, fundi redio. Mtu mmoja aliiacha kwa fundi itengenezwe, akasema atapita kesho, na kesho hiyo mpaka leo haijafika. Ndani yake mlikuwa na gemu moja tu, imeng'ang'ania humo haitoki hata kwa bisibisi. Ilikuwa gemu ya safari. Watu wanne wafupi wenye vichwa vikubwa wanazunguka nchi, wanaingia vijijini, wanazungumza na kila wanayemkuta, wanapigana na majini porini, wanalala, wanaamka, wanaendelea. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, yamekaa kwenye kioo cha televisheni kama buibui waliokanyagwa. Humo saluni hapakuwa na aliyejua hata herufi moja.

Lakini kwa msusi, gemu ile ilikuwa kama imetumwa. Kusukwa kunakula nusu siku, na mteja kichwa chake ni cha msusi lakini mikono ni yake, haina kazi. Tena gemu yenyewe ilikuwa na adabu. Wakipigana, kila mtu hungoja zamu yake: wewe unapiga, unatulia, jini linapiga, linatulia. Bi Vuta akikugeuza ukaangalia dari, jini lilisimama pale pale, mguu mmoja juu, likingoja umalizwe kisogo.

"Hili jini limelelewa," Mama Pacha alikuja kuzoea kusema baadaye, pacha wake walipozaliwa. "Wanangu wale wawili hawawezi."

Mama Pacha ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza kushika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Na kanuni ya kwanza ya saluni ilianzia kwake: anayesukwa ndiye anayecheza. Ukishamalizwa, ukajitazama kwenye kioo ukajishangaa, unamwachia pedi anayefuata, hata kama mko katikati ya vita na mnapigwa. Kwa hiyo safari ile moja ilitembezwa na mtaa mzima, kichwa baada ya kichwa.

Kanuni ya pili pia ilianzia kwake, ila hii hakuipenda kukumbushwa. Siku hiyo wale wanne walikuwa dukani, ndani ya gemu, na mwenye duka akauliza kitu. Yakatokea majibu mawili, moja juu, moja chini. Mama Pacha alikuwa anavutwa pale nyuma ya sikio, machozi yanamtoka, akabonyeza la chini. Mwenye duka akachukua upanga wa dhahabu wa kiongozi wao, akaweka kabatini, biashara ikaisha. Tangu hapo kiongozi yule alipigana kwa mwiko, na mtaa ukamwita Mwiko.

Bi Vuta akaweka kitana chini. "Sikilizeni. Kuanzia leo humu ndani jibu ni la juu. Siku zote. Anayetaka la chini akajisuke kwao."

Basi wakaenda na jibu la juu, wakavuka misitu, wakapanda milima, wakaua mjusi mwenye vichwa vitatu, mpaka wakafika kwenye daraja. Hapo ndipo safari ilipokwama.

Darajani alisimama mzee mwenye taa, kofia kama ndoo, na paka miguuni. Ukimsogelea anasema maneno yake ya buibui, yanatokea majibu mawili, unabonyeza la juu, anasema maneno mengine, anainamisha kichwa, basi. Haondoki. Ukimsogelea tena, yale yale.

"Anataka kitu," alisema Mwalimu, ambaye alifundisha shule ya msingi na hakuwahi kukosa jibu maishani. "Mtu akiinamisha kichwa vile, anataka kitu."

Wakampa samaki. Wakampa dhahabu. Mteja mmoja nesi akampa dawa, akidai macho yale ni ya mgonjwa wa ini. Mama Pacha akasema huyu ni mtu mzima, apewe blanketi. Wengine wakashauri aachwe kwanza, ajirudi mwenyewe. Kila mwezi likaja wazo jipya, na kila mwenye wazo alikuja na kichwa chake, kwa maana pedi haipewi asiyesukwa. Wanawake walifumua nywele zilizo nzima kabisa ili wapate zamu ya kumjaribu yule mzee. Miaka ikapita. Pacha wakazaliwa, wakaota meno, wakaanza shule, wakaanza kujibu vibaya. Mzee wa Daraja bado amesimama na taa yake. Naye Bi Vuta akawa anakula, anavaa, na anamtania mumewe, yote kwa pesa ya mkono wake mwenyewe.

Halafu Kidoti akafungua saluni ng'ambo ya barabara.

Kidoti alikuwa binti wa mdogo wake Bi Vuta. Bi Vuta alimfundisha kusuka tangu yuko mdogo, kwa kumfungia kamba za katani kwenye kitasa cha mlango azisuke, na kumwambia, "Ukikivuta mpaka mlango ufunguke, umefuzu." Sasa mtoto huyo alikuwa na viti sita vya ngozi vinavyozunguka, feni ya ukutani, na televisheni pana kama mlango. Na kwenye televisheni hiyo, kwa macho yao wenyewe, watu walimwona Mwiko.

Wenyewe kule Japani walikuwa wameichukua gemu ile ya zamani wakaisafisha, wakaitoa upya. Mwiko sasa alikuwa na pua. Miti ilitikisika, maji yaling'aa, watu wa kijijini walitoa sauti za watu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, waliosoma wakiwasomea wasiosoma. Na palikuwa na kitufe kimoja cha ajabu kuliko vyote: ukikibonyeza, kila kitu kinakwenda mbio mara tatu, majini yanapigana kama kuku waliomwagiwa mtama.

Benchi la Bi Vuta likaanza kupata nafasi. Kwanza aliondoka Mwalimu, akasema anapita tu kuangalia bei. Akafuata Nesi. Mama Pacha alivumilia, alivumilia, kisha siku moja Bi Vuta akamwona ng'ambo, ndani ya kiti cha ngozi, anazungushwa taratibu kama keki ya maonyesho.

Mtoto wake Bi Vuta wa kiume akapiga simu. "Mama, funga hicho kibanda uje kwangu upumzike. Chumba kipo, kitanda kipo."

"Nipumzike nini, mimi ni injini?"

"Utakuwa unakaa tu, mama."

Hilo la kukaa tu ndilo lililomnyima raha. Aliwahi kuwaona waliokwenda kukaa tu. Wanawekwa sebuleni karibu na saa ya ukutani, mpaka wageni hawajui wamsalimie nani kwanza, yeye au saa. Akamwambia mumewe, "Mwezi huu ukiisha hivi hivi, nafunga." Fundi redio akainuka. Akafuta vumbi kwenye ile mashine kwa kanzu yake ya kulalia, na hilo kwake lilikuwa hotuba.

Kabla ya kufunga, Bi Vuta akataka aone kwa macho yake kilichomshinda. Akavaa wigi jekundu alilokuwa nalo la maonyesho, miwani ya jua ya mumewe, na khanga mpaka puani, akavuka barabara akijikongoja kama mgonjwa. Akapewa kiti cha kusubiri. Hakuna aliyemtambua. Kwenye kiti cha mbele alikaa Mwalimu, pedi mkononi, Kidoti nyuma yake.

Na angetoka salama, lau si mikono yake. Pembeni yake alikaa mama mmoja mwenye mistari ya nywele iliyolegea, inaning'inia kama kamba za nguo. Bi Vuta macho yake yalikuwa kwenye televisheni, lakini mikono haikuwa inaangalia televisheni. Ikanyoosha vidole, ikashika mstari mmoja, ikavuta. Yule mama akaruka, nyusi zikapanda.

Saluni nzima ikageuka. Kidoti akaweka kitana chini.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Bi Vuta akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mimi si mama mkubwa wa mtu. Mimi ni mpita njia."

"Sawa, mpita njia. Vua wigi basi, utapata joto."

"Marahaba," akasema Bi Vuta kwa hasira, akalivua.

Kabla hawajaanza kucheka vizuri, Mama Pacha akapiga kelele: "Daraja! Wamefika darajani!"

Yule pale, Mzee wa Daraja, mpana kama kabati kwenye televisheni ile, taa inawaka, kila unywele wa ndevu unaonekana. Mwalimu, kwa mazoea, akampa samaki. Mzee akafungua mdomo, akatoa sauti nzito ya upole, na maneno yakaandikwa chini.

"Anasemaje?" Bi Vuta akauliza, kasahau kuwa ni mpita njia.

Mwalimu akasoma. "Anasema... 'Samaki? Mimi sili samaki, lakini ahsanteni. Nitampa paka.'"

"Ndiyo maana paka wetu kule alikuwa mnene!" Nesi akasema.

"Endelea!"

"Anasema, 'Daraja li wazi. Mnavuka sasa, au mtakaa kidogo tuzungumze?'" Mwalimu akasogelea televisheni. "Kuna majibu mawili. La chini limeandikwa, Tunavuka. La juu..."

"La juu nini, wewe mwanamke?"

"La juu limeandikwa, Tutakaa."

Vichwa vyote, vilivyosukwa, vilivyofumuliwa na vilivyo nusu nusu, vikamgeukia Bi Vuta.

"Daraja li wazi," akasema Mama Pacha polepole. "Nimebeba mimba, nimezaa wawili, nimenyonyesha wawili, nimeitwa shuleni kwa ajili ya hao wawili. Na daraja li wazi."

"Mimi nilisema la juu kwa ajili ya dukani!"

"Ulisema siku zote!"

"Na ni nani aliyeuza upanga?"

Ikawa kelele, huyu anamtaja huyu, yule anadai arudishiwe blanketi lake. Katikati ya kelele, Mwalimu kidole kikamteleza, kikabonyeza kwa mazoea la juu. Mzee wa Daraja akainamisha kichwa vile vile alivyozoea.

"'Ahsanteni,'" Mwalimu akasoma kwa sauti ndogo. "'Watu wengi hupita tu.'"

Bi Vuta akachukua wigi lake, akaliweka kwapani kama kuku, akatoka.

Kule nyuma, Mwalimu akabonyeza la chini, akabonyeza na kile kitufe cha mbio, wakavuka. Siku chache tu, gemu nzima ikaisha. Mwiko akawa mfalme, majina ya Wajapani yakapanda kwenye televisheni na muziki, kisha ikauliza kama wanataka kuanza upya. Nani aanze upya? Wateja wakabaki kwenye viti vya ngozi, kila mmoja na simu yake, hakuna wa kumuuliza mwenzake kitu. Na waliporudi nyumbani wakajitazama. Wakati wa mbio zile hakuna aliyekubali kuinamisha kichwa asije akapitwa, kwa hiyo Kidoti alisuka vichwa vinavyochezacheza, na mistari ilikwenda kama njia ya mlevi. Mume wa Nesi akaufuata mstari mmoja kwa kidole kuanzia kwenye paji la uso, akajikuta begani.

Siku ya mwisho wa mwezi, Bi Vuta alikuwa ameshatia vitana kwenye mfuko. Akawasha ile televisheni yenye mgongo, maana hakuona ustaarabu kuchomoa waya bila kumwangalia yule mzee mara moja. Alikuwepo. Taa, kofia, paka.

Mlango wa bati ukalia. Mama Pacha, amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Unazima?"

"Nazima."

"Usizime! Yaani mimi nimempelekea mtu samaki miaka yote hiyo, nimekaa naye, nimezoeana naye, halafu niondoke bila kumuaga? Mimi sikulelewa hivyo. Nipe pedi."

"Pedi ni ya anayesukwa," akasema Bi Vuta.

Wakatazamana.

"Basi nisuke," akasema Mama Pacha, akakikalia kile kiti kifupi, magoti yakamfika kidevuni.

Akasukwa mpaka mchana, akakaa na mzee wake, la juu, la juu, la juu. Mwisho akamwambia kwa mdomo kabisa, "Haya baba, sisi tutavuka siku yoyote, usione tumekutupa." Akatoka pale nyusi juu, akaanza kutangaza barabarani kama mwenye kipaza sauti: daraja halivukwi mpaka kila aliyewahi kumpa yule mzee kitu aje amuage. Na huagi bila kusukwa.

Hapo ndipo Bi Vuta alipojua amewahi kuwa na wateja wangapi. Walikuja wa mtaani, wakaja waliohama, wakaja waliogombana naye juu ya rasta wakasema yaishe. Mmoja alikuja na binti yake aliyekuwa tumboni siku ya kumpa mzee dhahabu, akasema huyu naye anahusika. Nesi, aliyekuwa amekata nywele zote kwa uchungu wa ile mistari, akaja na kichwa kama embe, akakikalia kiti.

"Nishike wapi hapa?" Bi Vuta akauliza.

"Popote. Kuna mbili zimeota."

Akazishika hizo mbili. Akazivuta. Akazisuka.

Mwalimu alikuja mwishoni, anatembea upande upande. Benchi likamnunia, na si kwa kuhama tu. Wengine waliona mbio tu, lakini yeye ndiye aliyeshika pedi na kusoma yote yaliyoko ng'ambo ya daraja, na ulimi wa Mwalimu haujawahi kulala na siri.

"Utakaa," Bi Vuta akaamua, "ila utanisaidia kushika vibanio."

"Nivishike wapi?"

"Mdomoni."

Akajazwa vibanio mdomoni mpaka mashavu yakatuna, na kuanzia siku hiyo akiingia anafungua mdomo mwenyewe.

Mwezi mwingine ukaingia. Mtoto wa kiume akapiga simu kuuliza mama anahamia lini. Fundi redio ndiye aliyepokea, akaangalia benchi lililojaa, akajibu, "Mama yako yuko darajani," akakata.

Akabaki mmoja. Kidoti akavuka barabara akiwa amejifunga kilemba, akasimama mlangoni pale alipofundishwa kazi.

"Shikamoo, mama mkubwa. Na mimi nilimpa yai. Siku ile nilipofungua mlango kwa kamba."

"Marahaba. Fungua hicho kilemba nione."

Akafungua. Alikuwa amejisuka mwenyewe. Bi Vuta akatazama mistari ile, akafumba macho, akafumbua, bado ipo.

"Nina viti sita vya ngozi havina watu," Kidoti akasema chini chini.

"Vilete huku. Hiki kimeshakula magoti ya mtaa mzima." Akamsuka upya, taratibu, na Kidoti akamuaga mzee wake, akafuta machozi, na wala hakusema kama ni ya kuagana au ya kuvutwa.

"Haya, tuvuke," akasema Mama Pacha. "Nani anavusha?"

Wakatazamana, kisha wakamtazama Bi Vuta. Ndipo ilipowajia. Miaka yote ile anayesukwa ndiye anayecheza, na Bi Vuta hajawahi kusukwa humo. Hakuwahi kushika pedi hata siku moja. Mikono yake siku zote ilikuwa kwenye vichwa vya watu.

"Kaa," Kidoti akasema.

Bi Vuta akakaa. Magoti yakamfika kidevuni. "Hiki kiti kina ubaya hivi?"

"Tulikwambia!" benchi likajibu.

Kidoti akashika nywele.

"Vuta."

"Nimevuta, mama mkubwa."

"Hapo umepapasa. Vuta!"

Kidoti akavuta. Nyusi za Bi Vuta zikapanda mpaka fundi redio akaja mlangoni akasalimia kwa adabu, akauliza mkewe amekwenda wapi. Bi Vuta akashika pedi kama anayeshika yai la moto. Akamsogelea Mzee wa Daraja. Akabonyeza la juu kwanza, mara moja, mzee akainamisha kichwa, wakakaa kidogo. Kisha akabonyeza la chini.

Mwiko na wenzake wakavuka. Saluni ikapiga vigelegele mpaka ufa wa kioo ukasogea. Na ng'ambo, njia ikapinda kidogo, ikaishia kwenye geti kubwa, na kwenye geti amesimama bibi mnene mwenye funguo kiunoni. Akasema maneno yake ya buibui, marefu. Yakatokea majibu mawili.

Wote wakamgeukia Mwalimu. Mwalimu mdomo umejaa vibanio, macho yamemtoka, anacheka kwa kutumia pua.

"Tufanyeje?" akauliza Mama Pacha.

"Juu," akasema Bi Vuta, akabonyeza.

Yule bibi akafunga geti, akageuza ufunguo, akauweka kifuani.

Nesi akajishika kichwa kile cha embe. "Huyu anataka kitu," akasema. "Mimi nikiota vizuri, narudi na samaki."